Sura ya Sita: Wageni wa Agosti

Tangu ianze kupeleka wanamichezo kwenye Olimpiki mwaka 1956, Uganda imepata medali tano za dhahabu. Ya kwanza aliileta John Akii-Bua, mtoto wa Lango, aliporuka viunzi vya mita 400 mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Nne zilizofuata zote zimetoka upande mmoja wa mlima Elgon, nchi ya Wasebei. Stephen Kiprotich alishinda maratoni London 2012. Peruth Chemutai alishinda mita 3,000 za kuruka viunzi na maji Tokyo. Joshua Cheptegei akashinda mara mbili, mita 5,000 Tokyo na mita 10,000 Paris.

Ukitoka Kampala kwenda kwao, unavuka Nile pale Jinja, unapita Iganga na kushika barabara ya Tirinyi, unafika Mbale, ndipo unaanza kupanda. Kwa hiyo tarehe 27 Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika lilipotangaza mjini Cairo kwamba Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 litaandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, watu wa Jinja na Mbale walikuwa na kila sababu ya kutega sikio. Mpira wa miguu si mbio, lakini heshima ni heshima, na eneo lililoipa nchi dhahabu nne lilitarajia angalau kupata jukwaa lenye paa. Halikupata. Namboole, nje kidogo ya Kampala, ukakarabatiwa. Viwanja vipya vikapangiwa Hoima, magharibi, kwenye mafuta, na Lira, kaskazini, kwa kina Akii-Bua mwenyewe. Mashariki ikabaki na viwanja vyake vya manispaa.

Manung'uniko yalikuwepo na bado yapo. Mwenye duka Jinja atakwambia ni siasa. Dereva wa matatu kule Mbale atakwambia ni siasa, kisha akutajie majina. Sitabishana nao, maana kiwanja cha mpira kikipangiwa mahali Afrika Mashariki, siasa haiko mbali. Ila nadhani Jinja na Mbale zimeponea chupuchupu. Na kuliona hilo kunatusaidia kulijibu swali linaloisumbua miji mikubwa kuliko hii, kuanzia Nairobi hadi Paris: je, mji uombe kuandaa michezo mikubwa ya dunia?

Tuanze na namna biashara yenyewe inavyoendeshwa. Muuzaji ni mmoja, wanunuzi ni wengi, na wanunuzi hushindana kwa ahadi. Anayeshinda mnada wa aina hiyo mara nyingi ni yule aliyekosea hesabu kuliko wenzake: ameyaona mapato makubwa kuliko yalivyo, na gharama ndogo kuliko zitakavyokuwa. Haki za televisheni za Olimpiki ni mali ya Kamati ya Kimataifa, nayo huwamegea waandaaji sehemu yake. Lakini pengo likitokea kwenye bajeti, ni la mji na serikali yake. Na pengo hutokea. Bent Flyvbjerg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walipochambua gharama za Olimpiki tangu 1960, katika michezo yote waliyoweza kupata hesabu zake hawakukuta hata mmoja uliomalizika ndani ya bajeti ya awali. Nyumba hupitiliza bajeti, barabara hupitiliza, mabwawa hupitiliza, lakini huwa yapo machache yanayookoka. Katika Olimpiki hakuna aliyeokoka. Sababu si ngumu kuiona: siku ya ufunguzi haisogezwi. Mkandarasi analijua hilo, fundi wa nyaya analijua, na mwenye kokoto analijua. Mwezi wa mwisho wote hupandisha bei, na hakuna wa kuwaambia warudi kesho.

Montreal ndiyo hadithi inayopendwa kusimuliwa. Meya wake, Jean Drapeau, aliwatuliza wananchi kwa kusema Olimpiki haiwezi kuleta hasara kama ambavyo mwanamume hawezi kuzaa. Mwanamume akazaa. Deni la michezo ya 1976 lilimalizwa kulipwa mwaka 2006, na wavuta sigara wa Quebec walikatwa kodi miaka yote hiyo. Sisi tuna jambo letu la kuongeza. Nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo, ziliisusia michezo hiyo kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Akii-Bua hakupata nafasi ya kuitetea dhahabu yake. Montreal ililipa miaka thelathini kwa ajili ya mbio ambazo bingwa wake hakukimbia.

Miaka minane baadaye Los Angeles ilipata faida ya zaidi ya dola milioni 200, na tangu hapo kila meya mwenye tamaa huitaja. Wachache hutaja ilivyowezekana. Baada ya Montreal hakuna mji mwingine uliobaki kwenye kinyang'anyiro cha 1984, kwa hiyo safari hiyo mnunuzi alikuwa mmoja na muuzaji ndiye aliyebembeleza. Wapiga kura wa Los Angeles walishapitisha kwamba fedha za jiji zisiguswe. Uwanja mkuu ulikuwa ule ule wa Olimpiki ya 1932. Wanafunzi walikuwa likizo, mabweni ya vyuo yakawa kijiji cha wanamichezo. Yaani mji ulioombwa ulipata faida, na miji iliyoomba ikapata madeni. Miaka ya karibuni wananchi wa nchi tajiri wamelishtukia hilo: Boston ilijitoa mwaka 2015, Hamburg ikakataa kwa kura mwaka huo huo, Budapest ikajitoa 2017. Walipobaki wawili tu, Paris na Los Angeles, Kamati iliona heri iwagawie wote kwa mpigo, 2024 na 2028, kuliko kuwahatarisha.

Sasa turudi bara letu, ambako Olimpiki haijawahi kuchezwa. Cape Town iliiomba ya 2004 na kushindwa na Athens. Dakar ndiyo itakayoandaa Olimpiki ya vijana mwaka 2026, na Kirsty Coventry wa Zimbabwe ndiye rais wa Kamati tangu Juni 2025, kwa hiyo miji yetu mikubwa itaanza kubembelezwa muda si mrefu. Lakini mazoezi ya kuomba tumeshayafanya, kwa kombe la soka. Kenya ilipewa Kombe la Mataifa la 1996 ikanyang'anywa, likaenda Afrika Kusini. Ikapewa kombe la wachezaji wa ndani, CHAN, la 2018, ikanyang'anywa tena, likaenda Morocco. Safari ya tatu ikaja na wenzake wawili. CHAN hiyo ya Kenya, Tanzania na Uganda ilipangwa Februari 2025, ikaahirishwa hadi Agosti kwa sababu viwanja havikuwa tayari, kisha ikachezwa na ikapendeza. Namboole ulijaa hadi Senegal walipowatoa Uganda Cranes robo fainali, bao moja kwa bila.

Na Namboole ndio mwalimu wetu. Uwanja huo ulikuwa zawadi ya China, ukafunguliwa 1997 na kupewa jina la Mandela. Zawadi haiji na mshahara wa mtu wa kukata nyasi. Miaka ikapita, vyoo vikachakaa, taa zikazima, na wakati wa korona ukageuzwa wodi ya wagonjwa. Ilipofika zamu ya shirikisho kukagua, uwanja wa taifa ukaonekana haufai kwa mechi za kimataifa. Cranes wakawa wageni nyumbani kwa watu. Machi 2023 walicheza mechi yao ya nyumbani dhidi ya Tanzania mjini Ismailia, Misri. Juni mwaka huo waliikaribisha Algeria mjini Douala, Kamerun. Shabiki wa Bugembe, pembeni mwa Jinja, aliyezoea kupanda teksi saa mbili kwenda kuitazama timu yake sasa alihitaji pasipoti. Kikosi cha uhandisi cha jeshi ndicho kilichoukarabati, na tarehe 7 Juni 2024 Uganda iliifunga Botswana moja bila hapo hapo Namboole.

Lipo jambo hapa ambalo wapinzani wa uenyeji, nami nikiwamo, hatupendi kulisema kwa sauti. Bila CHAN na bila 2027, Namboole ungekarabatiwa lini? Na uwanja wa Lira, ulioahidiwa kwa heshima ya Akii-Bua tangu vijana wa leo wakiwa watoto, ungeanza kujengwa lini? Serikali zetu hazina shida ya kuahidi, zinakosa tarehe. Mashindano huja na tarehe, na mkaguzi wa kigeni mwenye faili asiyesalimiana na mbunge wa jimbo. Kwa kulinganisha, tazama kituo cha mazoezi cha Teryet, juu huko Kapchorwa, kilichokusudiwa wakimbiaji wa taifa. Hakikuwa na mashindano nyuma yake, kwa hiyo kimesuasua mwaka baada ya mwaka huku wakimbiaji wakizidi kushinda kwenye njia za vumbi. Cheptegei ameishia kujijengea kambi yake. Nchi iliweza kupata uwanja wa watazamaji 20,000 kule Hoima, ukijengwa na Waturuki wa kampuni ya Summa, kabla ya kukamilisha mahali pa kukimbilia kwa watu waliokwisha kuileta dhahabu.

Hoja hiyo ya tarehe ni nzito, na sitaki kuipita juu juu. Jawabu langu ni kwamba tarehe ya mgeni hujenga anachokihitaji mgeni. Hujenga vyumba vya kubadilishia nguo, taa za kiwango cha televisheni, chumba cha waandishi na viti vya wakubwa. Yanayobaki kwa wenyeji ni masalia. Gabon ilijenga uwanja Oyem kwa ajili ya Kombe la Mataifa la 2017. Guinea ya Ikweta iliipokea michuano ya 2015 katika miji ya Mongomo na Ebebiyín, midogo kuliko Mbale, na wiki tatu baadaye miji hiyo ikarudi kwenye maisha yake ya mpakani ikiwa na majukwaa yasiyo na ligi ya kuyajaza. Jiulize Jinja ingeyajaza vipi. BUL, timu ya mji yenye nguvu kuliko zote sasa, huchezea mechi zake ng'ambo ya mto, kwenye kituo cha shirikisho la soka la Uganda, FUFA, cha Njeru, uwanja wa kiasi chake, na haina shida ya kukosa viti. Uwanja wa Kakindu hufanya kazi kwelikweli, mpira leo, mkutano wa injili kesho, kampeni keshokutwa. Ukiugeuza wa kimataifa, jambo la kwanza utakaloona ni kufuli na mlinzi: nyasi za kimataifa hazikanyagwi na watoto wa Walukuba.

Na Njeru hapo hapo pana funzo ambalo Watanzania watalikumbuka kwa furaha. Septemba 2016 mashindano ya kwanza ya soka ya wanawake ya CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, yaliyokamilika baada ya miaka mingi ya ukimya yalichezwa hapo, na Kilimanjaro Queens wakaifunga Kenya 2-1 fainali. Yakarudi hapo hapo Juni 2022, safari hii Uganda wenyewe wakashinda kwa kuifunga Burundi 3-1. Timu zililala Jinja, zikala Jinja, zikavuka daraja kwenda kucheza. Hakuna deni lililobaki, hakuna uwanja uliojengwa ukaachwa. Wala hakuna waziri aliyekata utepe kwa ajili hiyo, na labda ndiyo maana halitajwi sana.

Lakini Jinja ina hadithi nyingine kubwa kuliko ya mpira, nayo ni ya mto. Miji inayoandaa Olimpiki hulazimika kutafuta mahali pa mbio za kayaki kwenye maji yanayochafuka. Kwa kuwa London haina maporomoko, ilijenga mkondo wa bandia kule Lee Valley kwa pauni milioni 31, maji yakisukumwa na pampu za umeme. Athens nayo ilijenga wake Helliniko kwa ajili ya 2004. Picha za mahali hapo pakiwa pamekauka na kuota majani zimezunguka dunia nzima. Sasa fikiria Bujagali. Kilomita chache chini ya Jinja, Nile ilikuwa ikifanya bure, mchana na usiku, kazi ambayo London iliinunulia pampu. Watu walitoka Ulaya na New Zealand kuja kuteremka hapo kwa maboti ya mpira, na vijana wa vijiji vya kandokando wakajifunza kayaki hadi kushindana nao. Kisha bwawa la Bujagali likakamilika 2012 na maporomoko yakafunikwa. Bwawa la Isimba, lililozinduliwa 2019, likameza sehemu nyingine ya maji yale meupe.

Silaumu umeme. Mji uliozaliwa upya na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, ukapata viwanda vya nguo na tanuri la shaba kwa sababu yake, hauwezi kuambiwa mabwawa ni mabaya. Ninachosema ni kwamba Jinja ilikuwa na uwanja wa kiwango cha dunia ambao haukuhitaji mkandarasi, na hakuna kamati ya uenyeji iliyoutetea. Serikali ilipotaka msaada wa Benki ya Dunia kwa Bujagali, iliahidi kwamba maporomoko ya Kalagala na Itanda, chini zaidi, yangehifadhiwa. Hapo ndipo meya wa Jinja mwenye ndoto za kimataifa angepaswa kusimama kila siku akiwa na nakala ya ahadi hiyo mkononi. Mashindano ya kayaki ya mto Nile yamekuwa yakivuta wageni bila ada ya uenyeji. Tamasha la muziki la Nyege Nyege, lililoanza 2015, nalo limevuta wageni hata pale bunge lilipotaka lizuiwe, Septemba 2022. Waziri mkuu akaliruhusu kwa masharti, likafanyika Itanda. Unaweza kulichukia tamasha hilo kwa jina lake tu, na wengi wanalichukia. Lakini vyumba vya wageni viliuzwa, boda boda wakapata, na wauza kikomando, chapati na maharage, walikaa walipotaka.

Hilo la wauza kikomando si dogo. Mashindano makubwa huchora duara kuzunguka uwanja, na ndani ya duara hilo anauza mdhamini peke yake. Afrika Kusini, 2010, wachuuzi waliokuwa wakisubiri kombe la dunia kama mavuno walijikuta nje ya ua, wakiwatazama mashabiki wakipita kwenda kununua soda ya kampuni moja. Mama anayekaanga chapati mbele ya geti la Kakindu angehamishwa wiki ile ambayo biashara ingekuwa bora kuliko zote maishani mwake. Wahenga walituusia tumpe mgeni jembe siku ya tatu. Mgeni huyu anafika na mkataba unaosema jembe ni letu, shamba ni lake.

Sasa twende Mbale. Mwezi wa Agosti 2024 ulikuwa na mambo matatu kwa mpigo katika kona hii ya Uganda, na sidhani kama yupo aliyeyaweka kwenye hesabu moja.

La kwanza lilikuwa Paris. Tarehe 2, Cheptegei alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 43.14, rekodi ya Olimpiki, na Mbale ikapiga honi hadi usiku.

La pili ni Imbalu. Kila mwaka usiogawanyika kwa mbili Wamasaba hujiandaa, na kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti ikifika, tohara hufunguliwa pale Mutoto, pembeni mwa jiji. Vijana hupakwa matope na unga wa wimbi, ngoma za kadodi hutangulia, na umati unaomiminika hauna tiketi. Wanakuja kutoka Bududa, Sironko, Manafwa na Namisindwa, kutoka Kampala walikohamia, na kutoka kwa ndugu zao Wabukusu ng'ambo ya mpaka. Hulala kwa mashangazi. Hula walichopikiwa, pamoja na malewa, machipukizi ya mianzi. Kampuni za vinywaji zimeshanusa fedha na sasa mabango yao yapo, lakini sherehe ilikuwepo kabla yao na ingekuwepo bila wao. Baada ya ufunguzi sherehe hutawanyika kuelekea kwenye koo, milimani, kwa miezi kadhaa. Ukimwambia mtaalamu wa mipango miji kwamba upo mji unaopokea umati mkubwa kila baada ya miaka miwili, kwa vizazi na vizazi, bila jukwaa wala zabuni, atakuomba akauone.

La tatu lilikuwa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, iliyochezwa Mbale na Bukedea. Kandanda, netiboli, wavu, kikapu, raga, riadha. Vijana wa Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na wenyeji. Kwa desturi ya michezo hiyo mabweni ya shule ndiyo hoteli na viwanja vya shule ndivyo viwanja. Ukiondoa bendera na nyimbo za kampuni, hiyo ndiyo Olimpiki: vijana wa mataifa, siku kumi na kitu, michezo mingi mahali pamoja. Ilifika, ikaondoka, na mabweni yakarudiwa na wanafunzi muhula ulipofunguliwa. Los Angeles ilifanya vivyo hivyo 1984, nayo ilikuwa na fedha.

Kwa hiyo kusema Mbale haijui uenyeji ni kutoitazama Mbale. Na kusema ilihitaji kombe la Afrika ili ipate barabara ni kusahau kwamba barabara nyingi za katikati ya mji, za Mbale na za Jinja pia, zilitengenezwa kwa mradi wa miji wa Benki ya Dunia, USMID, ulioanza 2013, zikawekwa mitaro na taa. Hakuna timu iliyokuja. Ilitakiwa manispaa ionyeshe hesabu zake na kukusanya kodi vizuri, ndipo ipate fedha zaidi. Jambo kavu kabisa, haliwezi kupangiwa sherehe ya ufunguzi. Miji yote miwili ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, na madiwani wapo wanaoamini jiji bila uwanja mkubwa ni mji tu uliobadilishiwa kibao. Mimi ningewauliza kuhusu Nabuyonga.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua ilinyesha mlimani na mito ya Nabuyonga na Namatala ikapita katikati ya Mbale ikibeba nyumba, magari na watu. Takribani watu 30 walikufa. Mji uliowahi kusifiwa kwa usafi katika Afrika Mashariki ulikuwa umeacha watu wajenge hadi kwenye kingo za maji, na milimani juu miti ilikuwa imekatwa. Kazi ya kuuzuia usiku kama ule usirudi ni ya mitaro, madaraja mapana, miti, na kuwahamisha watu kwa fidia ya haki. Haina kombe. Hakuna mkaguzi atakayeshuka Entebbe kuja kupima upana wa kalvati. Fedha za uwanja na fedha za mtaro hutoka mfuko mmoja, na katika mfuko huo uwanja una msemaji, mtaro hauna.

Nimeambiwa, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba hesabu hizi zinasahau fahari. Mtoto wa Namatala akiiona Misri au Nigeria kwa macho yake, hasahau. Nakubali kabisa, fahari ni bidhaa, na watu wana haki ya kuinunua hata kwa bei ghali, kama wanavyoinunua kwenye harusi. Mwaka 2023, tarehe 18 Novemba, Kyabazinga, mfalme wa Busoga, alipofunga ndoa katika kanisa kuu la Bugembe, Jinja ilipakwa rangi na Busoga nzima ikatembea kifua mbele. Hakuna aliyeomba mchanganuo wa faida. Ila mwenye harusi hujua kwamba ananunua fahari, na hujua nani amechanga. Kinachoniudhi kwenye uombaji wa michezo ni fahari kuvalishwa joho la uwekezaji, ili anayeuliza bei aonekane haipendi nchi yake. Kampala ilishapita huko na mkutano wa Jumuiya ya Madola wa 2007. Malkia alikuja, barabara zikang'aa, kisha kamati ya bunge ya hesabu za serikali ikatumia miaka kuuliza fedha zilikwenda wapi.

Basi jawabu langu kwa mji mkubwa, Nairobi au Cairo au Dar es Salaam, linatokana na miji hii midogo miwili. Andaa kile ambacho watu wako wangekifanya hata mgeni asipokuja, mahali ambapo tayari wanakifanyia, na umpe mgeni nafasi ya kukitazama. Kama lazima uombe kikubwa zaidi, omba ukiwa peke yako mnadani, kwa viwanja vilivyopo, na wapiga kura wakiwa wameshaweka kufuli kwenye mfuko wa mji. Nairobi ikiombwa mbio za nyika au maratoni, ikubali kesho asubuhi. Kampala iliandaa mbio za nyika za dunia pale Kololo Machi 2017, kwenye uwanja wa sherehe za taifa, na haikujenga jengo la kuja kulijutia. Ikiombwa Olimpiki nzima, isubiri ibembelezwe.

Na 2027 Jinja na Mbale bado zina la kufanya. Timu hutafuta mahali pa kufanyia mazoezi na kupumzika, mashabiki watakuwa na siku tatu nne kati ya mechi na mechi, na chanzo cha Nile kiko kilomita themanini tu kutoka Kampala. Watu wa kamati watakuja kukagua. Wakifika Mbale kuomba uwanja wa mazoezi, baraza la jiji liwape bei, kwa maandishi, na kwenye bei hiyo iwemo kalvati la Nabuyonga, lijengwe kabla timu ya kwanza haijashuka kwenye basi.